Kamera Yenye Sikio Moja

Bi Sindano alipanga chumba cha nyuma kwa nia njema, na nia njema ndiyo iliyoleta balaa. Asubuhi nzima alishusha vitabu kutoka kwenye rafu, akavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu, akavirudisha kwa kimo na kwa rangi: vyekundu na vyekundu wenzao, vya kijani na vya kijani, na vile vyembamba vya hadithi za upelelezi akavipanga mbele kama watoto wa darasa la kwanza. Kamera alizipangusa, akaziweka juu ya meza kuanzia ndogo hadi kubwa, lenzi zote zikitazama mlangoni. Alipomaliza alikunja mikono, akaitazama kazi yake, akaona kwamba mwenye macho atashukuru.

Jina la Bi Sindano alipewa na mtaa. Alikuwa fundi cherehani, lakini hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika kama jina lilitokana na kazi yake au na ulimi wake. Mumewe aliitwa Fundi Saa, mtu wa maneno machache, aliyeshinda kibandani ameinamia saa za watu na kioo jichoni. Wanaume wengine hupeleka akiba zao kwenye pombe. Yeye alizipeleka kwenye kamera za zamani, zile za kutia filimu, na kwenye vitabu vya hadithi vya jalada jepesi ambavyo kurasa zake zimekuwa rangi ya chai. Alivipata kwa madalali wa vyombo, wale wanaopita kwenye nyumba zinazohamwa na nyumba zilizofiwa. Majirani walimwita mlinzi wa takataka. Mkewe hakumwita hivyo mbele ya watu.

Sasa chumba kilikuwa kinahitajika. Binti yao alikuwa amejifungua na angekuja kukaa kwa mama yake na kichanga, na paa la chumba hicho lilivuja pembeni, kila mvua beseni. Mwenye hoteli mmoja alisikia habari za vitu hivyo, akatuma neno kwamba atavichukua vyote. Fedha zake zingeezeka paa lote upya bila kumpigia mtu magoti. Fundi Saa alinyamaza kutwa nzima, kisha akasema sawa.

Aliporudi kutoka kibandani siku ile ya usafi, alisimama mlangoni pa chumba cha nyuma bila kuvua viatu.

"Nani amewatenganisha?" aliuliza.

Bi Sindano alidhani anauliza habari za watu. Akatazama nyuma yake, hakuona mtu.

Ndipo mumewe akaeleza, kwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima. Kila kamera ilikuwa imekaa juu ya vitabu ilivyotoka navyo nyumba moja. Kile kirundo cha dirishani kilikuwa nyumba ya watu, na kile cha kando ya mlango nyumba ya watu wengine. Hakuandika popote, kwa sababu rafu yenyewe ndiyo iliyokuwa kumbukumbu yake. Chache angeweza kuziunganisha tena kwa kufikiri. Nyingine, basi.

"Ungesema," mkewe alimwambia. "Miaka yote hii nalala kitanda kimoja na wewe, hujaniambia kwamba hilo vumbi lina ukoo."

Fundi Saa alitaka kucheka, ikashindikana. Aliinua kamera moja, akashika kirungu kidogo kilicho juu, akakizungusha polepole kwa ncha za vidole. Bi Sindano alikuwa amemwona akifanya hivyo mara nyingi, akadhani ni mazoea ya mikono isiyotulia. Leo aliuliza.

"Napiga hodi," mumewe alijibu. "Kikizunguka ovyo, ndani hamna kitu. Kikikaza, kuna filimu. Kuna watu ndani."

"Watu gani?"

"Sijui. Waliopigwa picha, zikabaki humo."

Mkewe akaishika ile kamera, akageuza kirungu mwenyewe. Kilikaza. Akaiweka chini kwa upole ambao hakuwa nao asubuhi. Alitaka kujua kwa nini asifungue aone. Mumewe alisema ukifungua mwanga unaingia, picha zote zinakufa papo hapo. Halafu kuzisafisha si kazi yake. Mtu haingii nyumbani kwa watu bila kukaribishwa. Alikuwa akingoja wenyewe waje.

"Na huwa wanakuja?"

"Bado," alisema Fundi Saa, akaenda kuvua viatu.

Mwenye hoteli alikuja kesho yake na manukato yake. Alisimama katikati ya chumba kwa namna ya mtu anayeogopa kugusa ukuta, akasifu mpangilio. Alisema sasa ndiyo vinaonekana vitu vya maana. Bi Sindano, ambaye kwa siku nyingine angepokea sifa hiyo kwa mikono miwili, aliangalia sakafu.

Vitabu alivitaka kwa rangi. Vya bluu vitakaa mapokezi, vyekundu kwenye chumba cha chakula. Vile ambavyo majalada yake yamechoka, alisema, vigeuzwe migongo ukutani, au wawashie moto, shauri lao. Akafungua kimoja, akakisogeza puani, akakirudisha akijifuta vidole kwa leso. Fundi Saa alimuuliza kama wageni wa hoteli wataruhusiwa kuvisoma.

Yule bwana alicheka, si kwa ubaya. "Mzee wangu, nani anasoma hotelini? Ni pambo."

Na kamera zitawekwaje? Hizo, alisema, seremala atazitoboa mgongoni, azikaze ukutani kwa skrubu, ili mtu asiondoke nayo kwenye begi. Atakuja na keekee zake za kutobolea mwisho wa juma. Alimpiga Fundi Saa begani kama mtu anavyompiga mtoto aliyefanya vizuri, akaacha sehemu ya fedha mezani, akaondoka akiruka kidimbwi cha uani.

Fundi Saa hakuzigusa zile fedha. Mkewe ndiye aliyeziokota, akazifunga kwenye kitambaa, na alipokuwa akizifunga alisikia nyuma yake ule mlio mdogo wa kirungu kinachozungushwa. Mumewe alikuwa anapiga hodi, kamera baada ya kamera, kama anayewaaga.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema waliotutangulia. Mgeni wa nyumba ile alikuja na kikapu tupu na viatu vya mpira, mama wa makamo, mpishi wa shule, na alikuwa amezunguka madalali watatu kabla ya mmoja kumkumbuka na kumwelekeza. Alikataa kiti mpaka amalize kusema lililomleta. Alisema amekuja kununua, hakuja kuomba.

Alikuwa mjane. Marehemu mumewe alikuwa karani wa stoo, mpenda hadithi za upelelezi na mpenda kamera. Alimpiga picha kila mtu: watoto, majirani, mbuzi wa jirani. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika kamera, hayumo katika picha hata moja. Imebaki ile ya kitambulisho tu, amekaza uso kama mtu anayesomewa mashtaka.

"Mjukuu wangu anaiogopa," alisema yule mama. "Ananiuliza, bibi, babu alikuwa mkali? Namwambia babu yako alikuwa anacheka mpaka anakera. Haamini. Anaamini ile picha."

Mara moja tu mambo yaligeuka. Alikuwa anachambua mchele uani, mumewe akaja akamtia kamera mikononi, akamwambia leo nipige wewe. Hakuwahi kuishika kamera kabla ya siku hiyo wala baada yake. Alibonyeza, ikalia, basi. Filimu haikuisha, marehemu akaugua, na baada ya maziko shemeji zake walitoa vyombo kabla machozi hayajakauka. Wakati ule hakuwa na nguvu ya kuuliza hiki kimekwenda wapi na kile kimekwenda wapi. Mtu aliyefiwa huona vitu vikitoka mlangoni kama maji.

Fundi Saa alimwomba aelezee kamera yenyewe. Mama alitazama meza, uso ukamlegea. Alisema ni nyeusi, na zote pale zilikuwa nyeusi. Ila kitabu angekijua. Kamera ilikaa siku zote dirishani, juu ya kitabu kimoja ambacho marehemu alikuwa hachoki kukirudia, na kona ya jalada lake yeye mwenyewe aliichana siku moja apate kikaratasi cha kufungia chumvi. Waligombana kwa hiyo kona siku mbili.

Hakumaliza hata rafu ya kwanza. Alikichomoa kitabu kutoka katikati ya wenzake wa rangi ya majivu, akaweka kidole pale penye kona iliyokosekana, akakaa kwenye kiti alichokuwa amekikataa.

"Basi kamera ni iliyokuwa juu yake," alisema. "Si ndiyo?"

Fundi Saa alikohoa. Akasema kwamba kulikuwa na usafi kidogo humu ndani, vitu vikasogezwa, na katika kusogezwa vikachanganyika, ndivyo yalivyo mambo ya nyumba. Alikuwa hajui kusema uongo na hata huo ukweli wa nusu ulimtoa jasho.

"Nimezichanganya mimi," alisema Bi Sindano. "Alikuwa ameziweka sawasawa. Mimi nikaja na kitambaa changu."

Mpishi akasema hata yeye angefanya hivyo hivyo, alizikuta nyumba nyingi zenye vumbi kuliko hii. Maneno hayo ya huruma yalimuuma Bi Sindano kuliko tusi.

Wakapiga hodi wote watatu. Zilizokuwa tupu zilisogezwa upande. Zilizobaki na filimu hazikuwa chache, na hapo ndipo shida ilipokaa. Mtu pekee aliyejua bado kusafisha filimu za namna ile alikuwa mzee mmoja mwenye studio karibu na soko, na Fundi Saa alikuwa amepita kwake majuzi. Dawa iliyobaki kwenye chupa yake ilitosha filimu moja. Nyingine haiagizwi tena, maduka yalishaacha. Kwa hiyo ni kuchagua moja, na ukikosea umekosea.

Mpishi wa shule alisema atarudi kesho baada ya kupakua chakula cha wanafunzi. Aliomba kitabu kikae na wenzake hadi hapo, maana alikuwa hajakilipia.

Asubuhi Bi Sindano alisali kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akakichukua kile kitabu, akakaa nacho kwenye cherehani, pale dirishani penye mwanga wa kushonea. Hakuwa msomaji. Alijua herufi za kumtosha. Lakini kitambaa alikijua, na jalada lile lilimfanya afikirie mapazia: upande uliokuwa unaona jua umechujuka, na upande wa pindo umebaki na rangi yake ya kwanza.

Alikigeuza kidogo, mwanga ukapita juu yake kwa ubavu. Jalada halikuwa la rangi ya majivu. Lilikuwa la bluu, likapauka, ila katikati palibaki kiraka chenye bluu yake. Kiraka kilikuwa na umbo. Kirefu, kimeviringwa ncha zote mbili, na juu kimeinuka kidogo kama nundu.

Hakumwita mtu kwanza. Alichukua karatasi nyembamba anayochorea vipimo vya magauni, akailaza juu ya jalada, akafuatisha ukingo wa kile kiraka kwa penseli, akakata kwa mkasi. Halafu akaenda chumba cha nyuma na karatasi yake, akaanza kuzilaza kamera chali juu ya karatasi, moja baada ya nyingine, kama anavyompima mteja asiyejijua kiuno.

Hii ilizidi. Ile ilipwaya. Nyingine haikuwa na nundu. Fundi Saa alimkuta amepiga magoti sakafuni, kamera mbili mbele yake, pacha kabisa, kampuni moja, umbo moja, zote zikilingana na karatasi.

"Ulikuwa unajua hili?" alimuuliza mumewe, akimwonyesha jalada.

Fundi Saa alivaa kioo chake cha jichoni, akainama. "Nimekisoma hiki mara nne," alisema taratibu. "Sijawahi kukitazama."

Wakatazama pamoja, vichwa vikigusana. Kando ya kiraka, upande wa kulia, palikuwa na kijidoa kidogo cha bluu, cha duara, kimejitokeza nje kama sikio. Bi Sindano alikuwa amekiacha nje ya karatasi yake akidhani ni doa la kalamu. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu. Fundi Saa alizishika zile pacha, akazigeuza. Kamera huwa na pete mbili ubavuni za kufungia mkanda wa begani. Moja ya hizi ilikuwa nazo zote mbili. Ya pili ilikuwa na pete moja tu, na mahali pa ile nyingine pana kovu la chuma lililokwisha kulainika.

Lakini sikio, ukiilaza kamera chali, liliangukia upande wa kushoto. Walitazamana. Fundi Saa akaanza kusema basi si hii, na mkewe akamzuia mkono.

"Ndani nje," alisema. "Mtu akishona bila kufikiri huvaa mfuko mgongoni. Sisi tumeilaza chali, wenyewe waliilaza kifudifudi." Akaigeuza kamera, lenzi ikatazama chini, sikio likahamia kulia. Akailaza juu ya jalada. Ilikaa kwenye bluu yake kama mguu kwenye kiatu cha zamani.

Mpishi alipofika na harufu ya moshi wa jikoni, Bi Sindano hakumwonyesha kitu. Alimuuliza tu mkanda wa kamera ulikuwaje. Mama akafikiri. Hakukuwa na mkanda, alisema. Kitinda mimba wao aliuvuta akining'inia, pete ikang'oka na mtoto akaanguka nayo, na baba yake badala ya kukasirika alicheka hadi akakaa chini.

Ndipo wakampa mkononi.

Mwenye hoteli alikuja na seremala wake kama alivyoahidi. Fundi Saa alikuwa ametenga meza mbili. Alisema za meza hii achukue, ndani hamna mtu, atoboe anavyotaka. Za meza ile haziuzwi tena. Na vitabu vyake vitabaki nazo.

Bwana yule aliuliza hamna mtu maana yake nini. Akaelezwa. Akawatazama mume na mke kwa zamu, akimtafuta mwenye akili timamu kati yao.

"Nilinunua zote. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana," alisema Fundi Saa, akainamisha kichwa. "Neno langu nimelivunja, bwana, na unayo haki ya kunisema."

Akasemwa. Aliambiwa kwamba ndiyo sababu watu wa namna yake hawaendelei, kwamba anababaika na vyuma vilivyokufa wakati nyumba inamvujia kichwani. Seremala alitazama pembeni. Fundi Saa alipokea yote amesimama, mikono nyuma. Bi Sindano alivumilia mpaka alipomwona yule bwana akinyosha mkono kwenye meza isiyouzwa.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "kwako ukutani kuna picha ya mama yako?"

"Ipo. Kwa nini?"

"Basi usiitoboe ya mwenzio."

Mwenye hoteli aliurudisha mkono. Alichukua zilizo tupu, akachukua vitabu visivyo na wenzao, akakata bei, na alikata hasa. Fedha zilizobaki zilitosha nusu ya paa. Walikubaliana kwamba kitanda cha mtoto kitasogezwa upande huo, na beseni libaki upande wa pili mpaka Mungu afungue njia nyingine.

Bi Sindano alikata uzi mnene wa kushonea viti, akafunga kila kamera iliyobaki na vitabu ilivyokumbukwa kuwa vyake. Zile ambazo hazikukumbukwa alizifunga pamoja, fungu moja. Hakutaka hata moja ikae peke yake.

Mzee wa studio aliwafungia nje ya chumba chake cha giza kwa muda ambao wote watatu waliona mrefu. Mpishi alikuwa amevaa nguo yake ya ibada. Walikaa kwenye benchi la wateja, chini ya picha za maharusi waliokwisha kuzeeka. Fundi Saa vidole vyake vilikuwa vinazungusha kirungu kisichokuwepo.

Mzee alitoka na filimu imelowa, akaining'iniza dirishani. Alisema wasitarajie mengi. Miaka imeila. Alipita na kidole: hii ukungu, hii ukungu, hapa labda ni mbuzi, labda ni mtoto. Ya mwisho tu ndiyo iliyosimama, nayo imepigwa na mtu asiyejua kushika kamera. Akarudi ndani na karatasi yake ya mwisho wa boksi.

Picha aliyowaletea ilikuwa bado ina maji. Mwanamume yuko uani, amejipinda mbele, mkono mmoja umenyoshwa kuelekea kwa mtazamaji hadi umekuwa mkubwa kama jembe na umefifia. Nyuma ya mkono, uso. Mdomo wazi, macho yamefumba, meno yote nje. Alikuwa anacheka, na katikati ya kucheka alikuwa anasema kitu.

Mpishi aliishika kwa kingo. Hakulia kama walivyomtarajia.

"Ananiambia toa kidole," alisema. "Toa kidole, mama, unajipiga picha mwenyewe. Ndivyo alivyosema."

Na kweli, pembeni juu, kitu cheusi cha mviringo kilikuwa kimekula kona nzima ya picha. Mzee wa studio, mtu wa kazi safi, alikuwa amekwisha kukiona. Alisema si neno, atakikata kile cheusi, picha itapungua kidogo lakini itakuwa safi, ya kuweka kwenye fremu. Akafungua droo.

"Usikate," alisema mpishi wa shule. "Hapo ndipo nilipo mimi."

Bi Sindano, aliyekula maisha yake yote kwa kukata, aliuchukua mkasi mkononi mwa mzee, akaurudisha kwenye droo, akaifunga.